Upande wa Kushoto Umenyamaza

Tangu asubuhi fundi cherehani hakutulia. Alishona mshono, akaufumua. Akakaa, akasimama, akajishika tumbo. Mimba yake ya mapacha ilikuwa ya miezi minane, na alikwisha kuwajua watoto wake: wa kulia mtundu, wa kushoto mpole. Leo mtundu alipiga mateke kama kawaida. Mpole alikuwa kimya tangu alfajiri.

"Mama, huyu wa kushoto simsikii," alimwambia mama mkwe wake.

"Aa, wamekua hao, nafasi imebana. Mwishoni watoto hupumzika. Mimi nimezaa saba, na sijamsumbua daktari kwa habari ya mateke."

Fundi alimheshimu mama mkwe. Akarudi kwenye cherehani, lakini roho haikutulia. Akalala kwa ubavu, akangoja. Wa kulia akaruka. Wa kushoto, wapi!

Mchana akaingia mkunga wa zahanati, aliyekuja kujaribu sare yake mpya. Fundi alimbana sare kiunoni kwa pini huku mawazo yako mbali, akamchoma.

"Jamani, nimekukosea nini?" mkunga alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Una nini, mwenzangu?"

Fundi akamweleza yote.

"Mara ya kwanza walipocheza ulisikia nini?" mkunga aliuliza.

"Kitu kinapapasa tu, mwezi wa tano. Sikujua hata ni yupi."

"Ndivyo inavyoanza. Kisha yakaja mateke, kila mmoja upande wake. Wakikua zaidi, wanasukuma na kujigeuza. Namna ya kucheza hubadilika, lakini kucheza hakupungui mpaka siku ya kuzaa. Na wewe una wawili. Usimhesabie huyu mateke ya mwenzake."

"Kliniki yangu ni kesho. Si nitangoja tu?"

"Hata saa moja usingoje. Twende hospitali sasa hivi."

Mama mkwe akaenda kutafuta viatu vyake. Mkunga akatoka vilevile, pini kiunoni.

Hospitalini walipima mapigo ya mioyo miwili, mmoja baada ya mwingine. Wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto mapigo yalikuwa yanashuka. Daktari akasema ni upasuaji, leo hii. Fundi aliogopa mpaka akalia mbele za watu, na mama mkwe akamshika mkono.

Watoto walitoka wadogo lakini hai. Wa kushoto alibaki wodini wiki mbili, akapata nguvu, akarudi nyumbani.

Siku hizi mama mkwe akimwona mjamzito, salamu haijaisha kashauliza, "Anacheza? Ukiona kapungua, nenda siku hiyo hiyo. Usiwasikilize wazee kama mimi."

Na yule mpole, akianza kulia, majirani wote wanajua. Hakuna anayemwambia anyamaze.