Bado Hujafika Tu?

Nyumba ile ilizoea kelele. Chumba cha mbele, mama alishona nguo kwa cherehani ya miguu. Chumba cha pili, mumewe alipiga pasi nguo za wateja. Walitaniana wakiwa wametenganishwa na ukuta.

"Mke wangu, unakanyaga tangu asubuhi. Bado hujafika tu?"

"Bado! Nikifika nitakuita."

Utani ulikuwa huohuo kila siku, na kila siku waliucheka kama mpya.

Kisha mama aliugua, akafariki. Baba aliendelea kupiga pasi, lakini mara kwa mara aliiweka pembeni, akatega sikio. Hapakuwa na cha kusikia. Alimkumbuka mkewe mpaka kifua kikamuuma, wala hakuona haya kulisema.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "hata kelele zake nazitamani."

Mama alipenda kusema, "Mashine ni kama mtu. Isipokula, hainisemeshi." Kwa hiyo kila mwisho wa wiki baba alichukua kopo la mafuta, akailisha cherehani. Alitia mafuta kwenye matundu ya juu, kwenye kanyagio na kwenye magurudumu. Akaupaka hata mkanda wa ngozi unaoyaunganisha magurudumu hayo. Aliimwagia kama mtu anayemwagilia mche wa nyanya.

Siku moja binti alifungua droo ya cherehani. Alikuta shati la baba. Mama alikuwa ameshona mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa bado umeshikizwa kwa pini. Binti akakaa kwenye kiti cha mama, akakanyaga. Gurudumu kubwa la chini likazunguka. Gurudumu dogo la juu likatikisika kidogo, likasimama. Sindano haikushuka.

Baba alikuja mbio, akajaribu mwenyewe. Wapi! Akaongeza mafuta, mambo yakazidi kuharibika.

"Nayo imemfuata mwenyewe," alisema, akageuka ili binti asiyaone machozi. "Mwite yule mnunuzi wa vyuma chakavu, aje aichukue. Siwezi kuitazama ikiwa bubu."

Binti alikulia kwenye sauti ile. Hakumwita mnunuzi wa vyuma. Alikwenda kwa jirani yao, fundi baiskeli, mwanamke mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Spoku.

Mama Spoku alikuja na tambara begani. Akagusa mkanda, akavitazama vidole vyake vinavyong'aa, akacheka.

"Shemeji, hapa mnashona au mnakaanga?"

"Nimeilisha," baba alijibu kwa uchungu. "Marehemu alisema ilishwe."

Mama Spoku aliacha kucheka. "Pole, shemeji. Umeilisha kwa mapenzi, lakini imevimbiwa. Hebu tazama. Mnyororo wa baiskeli una matundu, na gurudumu lake lina meno. Vinang'atana, kwa hiyo haviteleziani hata ukitia mafuta. Mkanda huu hauna meno. Unalishika gurudumu kwa kusuguana nalo tu. Ukiupaka mafuta, unateleza."

"Kumbe mafuta ni mabaya?" binti aliuliza.

"Hapana. Chuma kinaposugua chuma, tia tone. Kwenye matundu haya ya juu, kwenye ekseli na kwenye viungo vya kanyagio. Hapo msuguano unaikwamisha mashine na kuila. Lakini kwenye mkanda, msuguano ndio unaofanya kazi. Usiufukuze."

Akaufuta mkanda na mifereji ya magurudumu kwa tambara kavu. "Sasa nataka unga wa chaki unyonye mafuta yaliyobaki. Chaki ipo?"

Binti alitoa kwenye droo chaki ya mama ya kuchorea vitambaa. Ilikuwa imelika upande mmoja, ule ambao mama alizoea kuchorea. Baba aliichukua, akaifumbata.

"Ndiyo hii tu iliyobaki," alisema.

"Tutakwangua kidogo tu, shemeji. Kwangua wewe."

Baba alikwangua polepole, upande ule ambao haukulika. Mama Spoku akaupaka mkanda unga ule, akaufuta tena. Mkanda ulikuwa pia umelegea, kwa hiyo akakata kipande kidogo na kuunga ncha zake kwa kulabu. Kisha akafunga uzi mwekundu kwenye gurudumu dogo.

"Zungusha lile kubwa mara moja, mwanangu. Hesabu uzi."

"Umepita mara tatu!"

"Ndiyo hivyo. Mzingo wa kubwa ni mrefu, wa dogo ni mfupi. Kubwa likiuvuta mkanda kwa mzunguko mmoja, dogo limeshazunguka mara kadhaa. Ndiyo maana mguu unakwenda taratibu na sindano inakimbia."

Mama Spoku alipoondoka, baba alirudi kwenye pasi yake. Binti akatandika shati, akaweka mkono wa pili chini ya sindano. Akalivuta gurudumu dogo kuelekea kwake, kama mama alivyokuwa akifanya, kisha akakanyaga.

Cherehani ikanguruma.

Alishona upande mmoja wa bega, akageuza nguo, akaendelea. Chumba cha pili, pasi iliwekwa chini. Halafu sauti ikaja kupitia ukutani, ikikwaruza kidogo.

"We! Bado hujafika tu?"

Mguu wa binti ulisita. Akajifuta macho kwa mkono wa shati la baba, akakanyaga tena.

"Bado, Baba. Ndiyo kwanza naondoka."