Mwiba Usiokuwepo

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alimpelekea baba yake chai chini ya lori. Haikuwa safari ndefu. Chumba chao kilikuwa nyuma ya karakana, na dirisha lake lilitazama ukuta wa matofali. Ukitoka mlangoni unaruka dimbwi la oili chafu, unazunguka rundo la matairi, umeshafika kazini kwa baba. Shughuli ilikuwa kutoka nje. Geti lilikuwa moja tu, la bati nene, na funguo zake zilining'inia kiunoni kwa Bosi.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Mafundi ndio waliompachika, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Alikuwa akisimulia ya shuleni, ya sokoni na hata ya ndotoni, mpaka fundi wa kuchomelea vyuma amwambie, "Chiriku, meza mate kwanza, mama. Hayo maneno hayakimbii."

Bosi naye alikuwa mtu wa kicheko. Muhula ukifunguliwa aliwanunulia watoto madaftari, na chumba kile aliwapa bila kodi. Sharti lake lilikuwa moja, na kila fundi alilijua tangu siku ya kwanza: ajali ya karakana haitoki nje ya geti. Ukiumia, Bosi mwenyewe anakupeleka hospitali kwa gari lake na kulipia dawa. Wewe ukifika mbele ya daktari unasema umeanguka bafuni. Fundi wa kuchomelea alipoteza jicho moja "bafuni". Fundi wa magurudumu alivunjika mguu "bafuni". Wenyewe waliligeuza kuwa mzaha. "Kaoge polepole, ndugu yangu," waliagana jioni. "Lile bafu lina meno!" Walicheka sana, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyebanwa kidole na mlango mbele ya wageni.

Jumamosi hiyo baba yake Chiriku alikuwa akipaka grisi lori la kubebea mchanga. Bomba la grisi liliendeshwa kwa hewa ya kompresa, na nguvu yake haikuwa ya mchezo. Mpira wake ulikuwa umepasuka zamani. Bosi aliamuru ufungwe kwa ukanda wa tyubu, akasema mwezi ujao atanunua mwingine. Huo mwezi ujao ulikuwa haufiki.

"Chiriku, weka chai hapo unishikie tochi," baba alisema. "Hii grisi inavujia wapi?"

Alipitisha kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, juu ya ule ukanda, taratibu, akitafuta ufa. Chiriku alisikia "psii!" Baba akauvuta mkono haraka.

"Umeumia, baba?"

"Aa, kitu gani! Ni kama mbu tu."

Alijifuta kwa kitambaa. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo sana, wala haikutoka damu ya kusema. Alijaribu chai, akaiacha, akarudi kazini.

Kufika mchana, kidole kilikuwa kimevimba mpaka hakikunjiki. Ngozi yake ilikuwa nyeupe. Mama alikigusa akashtuka, kwa sababu kidole kilikuwa cha baridi na kiganja kilikuwa cha moto. Baba alikaa kitandani akiuma meno. Chakula hakukitazama.

Bosi akaja mbio. "Pole sana, mzee wangu! Twende hospitali sasa hivi." Kisha akakuna kichwa, akacheka. "Safari hii bafu halitufai. Nani alishatobolewa na bafu? Sema umechomwa na mwiba."

"Sawa, Bosi," baba alijibu.

Chiriku akafungua mdomo. "Lakini si mwiba, ni lile bo..."

Mama alimshika bega kwa nguvu. "Wewe! Ya wakubwa waachie wakubwa. Unataka leo tulale wapi?"

Kaka yake, aliyekuwa akisoma pembeni, alimvuta mlangoni. "Sikiliza, Chiriku. Ukiropoka, sote tutakuwa barabarani na vyombo vyetu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyefuatana na baba. Ndani ya gari vioo vilikuwa vimefungwa. Bosi aliendesha huku akipiga soga. Chiriku alikaa nyuma ameyafungia maneno yake mdomoni. Aliogopa kwamba akifungua mdomo hata kuomba maji, yatatoka yote.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Bosi alisimama mlangoni, ameegemea fremu.

"Mwiba wa wapi?" daktari aliuliza, akikibonyeza kidole polepole.

"Wa... wa ua. Nilikuwa nakata ua."

"Ulitoka wote?"

"Ulitoka."

Daktari akakunja uso. "Ajabu. Kuvimba kote huku, kwa mwiba tu? Una uhakika, mzee?"

Baba alitazama mlangoni. "Nina uhakika, daktari."

"Haya. Kama ni mwiba, nitakupa sindano ya pepopunda, dawa ya maumivu na dawa ya kuzuia usaha. Kesho kutwa urudi nikuone."

Chiriku alikuwa akiyakodolea macho mafundo ya viatu vyake. "Na kama si mwiba?" aliuliza. Baba akamkanyaga mguu. Bosi akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana maswali kuliko walimu.

Walipokwenda kwenye dirisha la dawa, Bosi alitangulia kuleta gari. Baba alipokea pakiti ya vidonge kwa mkono wa kulia, akaenda hatua chache, pakiti ikaanguka. Yeye akaendelea kutembea, vidole vingine vimejikunja kana kwamba bado ameishika.

"Baba, dawa zimeanguka."

Baba alisimama akautazama mkono wake. "Sikuhisi," alisema kwa sauti ndogo. "Chiriku, sikihisi kidole."

Chiriku hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Alimtazama, akatazama na barabara ambako gari lilikuwa linageuzwa. Akisema, watafukuzwa. Akinyamaza, mkono unaowalisha wote utaendelea kufa huku wakiubembeleza kwa vidonge vya mwiba. Kila upande ulikuwa umefungwa. Alitamani kuwa mtoto mdogo asiyejua lolote, alale mgongoni kwa mtu. Lakini alijua, kwa kuwa tochi aliishika yeye.

Akageuka akakimbia. Aliingia kwa daktari bila hodi wala shikamoo.

"Si mwiba, daktari! Ni bomba la grisi, la hewa. Mpira una ufa. Grisi iliruka ikaingia kidoleni, nimeona kwa macho yangu!"

Daktari aliweka kalamu chini. "Lini?"

"Leo asubuhi, wakati wa chai."

"Amekula?"

"Hajala. Hata chai hakuimaliza."

Daktari alikuwa ameshasimama. Korido nzima ilisikia akimwita muuguzi aandae chumba cha upasuaji. Bosi alirudi akiwa na ufunguo wa gari mkononi, tabasamu limeanza kumkauka.

"Daktari, msimsikilize mtoto huyu. Sisi tunamwita Chiriku kwa sababu ya maneno yake."

Daktari alimsogelea baba. "Mzee, nisikilize vizuri. Kama ni mwiba, nenda nyumbani. Kama ni grisi ya bomba, imeshapenya ndani ya kidole, labda imefika kiganjani, na inaharibu nyama inakopita. Kidonge hakiwezi kuitoa. Lazima nipasue sasa niisafishe. Ukinirudia kesho kutwa, huenda nisiwe na la kufanya ila kuukata mkono. Sasa niambie, ni kipi?"

Baba alimtazama Bosi. Akamtazama binti yake aliyekuwa akihema. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyafuta.

"Mwanangu amesema kweli," alisema.

Walimpasua alasiri ile ile, kuanzia kidoleni hadi katikati ya kiganja, na grisi ikakutwa imejaa ndani. Mkono uliokolewa. Kidole cha shahada hakikupona chote. Ncha yake ilikuwa imekwisha kufa, ikakatwa kwenye kiungo cha kwanza. Daktari alisema wangechelewa zaidi, hadithi ingekuwa nyingine.

Nyumbani, mama alisikiliza habari yote akiwa amempakata mtoto. Alishukuru Mungu kwa ajili ya mume wake, kisha akamgeukia binti yake. "Na nyumba umetuvunjia," alisema. Bosi hakucheka tena. Alikuja mlangoni akatangaza kwamba mwisho wa mwezi anakitaka chumba chake. Mafundi walipita wakitazama chini. Kaka aliacha kuongea na dada yake. Chiriku alikaa akitazama matofali ya dirishani, kimya, na kimya chake kilimuumiza kuliko kofi. Alikuwa amesema kweli, na ukweli ulikuwa umewafungia mlango wote.

Siku ya kubadilisha bandeji, mama aliwasindikiza. Daktari alimchungulia Chiriku. "Vipi, leo ndege wangu haimbi?"

Mama akaeleza habari ya chumba, akifuta macho kwa upindo wa kanga. Daktari alitikisa kichwa. "Mama, msilie bure. Kuna ofisi ya fidia ya wafanyakazi. Nendeni leo. Nami nilichokikuta ndani ya mkono nimekiandika, na nikiitwa nitakisema."

Fundi wa kuchomelea alisikia wanakokwenda, akawafuata akisema yeye ni msindikizaji tu. Afisa wa fidia alikuwa kijana mpole, tai imepinda. Aliwaambia kwamba mtu akiumia kazini, kutibiwa na kufidiwa ni haki yake kisheria. "Si zawadi ya bosi," alisema, "na wala hahitaji kudanganya ili aipate."

Fundi wa kuchomelea akakohoa. "Na jicho langu mimi?"

"Ulimwambia nini daktari?"

Msindikizaji akainamisha kichwa. "Bafuni."

Afisa alimsogezea kiti. "Ndugu yangu, umejifungia mlango kwa mkono wako. Lakini kama wapo walioona na watakubali kusema, tutajaribu kuufungua. Nitakuja karakana kukagua."

Siku moja kabla ya ukaguzi, Bosi alibisha hodi akiwa na kile kicheko chake cha zamani. Aliketi juu ya ndoo.

"Mzee wangu, tumetoka mbali mimi na wewe. Kesho afisa akija, mwambie mtoto alikosea, ni mwiba. Nami chumba hiki nawaachia. Hata hao wajukuu zenu watakaa humu."

Baba alimtazama mama. Kaka alikuwa ameganda na kitabu mkononi. Mama aliinuka, na wote walidhani anakwenda kumwekea mgeni chai. Akainama mvunguni, akatoa kamba, akaanza kulikunja godoro.

"Mama Chiriku, unafanya nini?" Bosi aliuliza.

"Nafunga mizigo. Hebu nishikie hapa, Bosi. Mume wangu hana kidole cha kukazia fundo."

Bosi aliondoka bila kuaga. Kaka aliweka kitabu chini, akaja kushika upande wa pili wa godoro. "Nisamehe, Chiriku," alinong'ona. Chiriku alitaka kumjibu kwa maneno mengi, lakini kilio kilimtangulia.

Kesho yake afisa aliukuta ule mpira na ukanda wake. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzungumza, mbele ya Bosi, akieleza jinsi cheche zilivyoruka jichoni akiwa hana miwani ya kazi. Fundi wa magurudumu akafuata. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuulizwa. Bosi aliamriwa kubadilisha vifaa vibovu kabla ya kufungua tena karakana, na jalada la jicho likafunguliwa.

Fidia haikuja kesho yake. Ilichukua miezi, na familia ilibanana kwa shangazi yake Chiriku wakati wote huo. Fidia ilipotoka, walipanga chumba mtaa wa pili, na baba akapata kazi karakana nyingine. Alijifunza upya kushika spana, akiitukana kidogo kila ilipomponyoka.

Jioni moja Chiriku alikuwa akimsaidia mama kuanua nguo. "Mama," aliuliza, "bado una kinyongo na mimi kwa ajili ya kile chumba?"

Mama alitua kapu. "Mwanangu, sikuwa na hasira. Nilikuwa na woga, nao woga ukizoeleka nyumbani, watu wazima tunauita adabu. Tulikufundisha kunyamaza tukidhani tunakulinda. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari hawezi kutibu jeraha tulilomficha, na sheria haiwezi kumtetea mtu aliyekana kuumizwa. Popote utakapokuwa, ukiumia, sema umeumia wapi na umeumizwa na nini. Anayekutendea wema ili uongope, huo si wema."

Akamvuta karibu.

"Chumba tumepata kingine. Mkono wa baba yako tungeununua duka gani?"