Neno Lililobweka

Nakutegea, na wewe unayenisikiliza usikimbilie kujibu. Ninacho kifuani, sijawahi kukiona kwa macho. Nikikiita vizuri kinatulia, nikikiita vibaya kinabweka. Ni nini hicho? Lishike jibu lako hapo hapo mdomoni, tutakutana nalo mbele.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeishi na shangazi yake. Shuleni walimwita Kaseti, kwa kuwa alichokisikia mara moja alikirudia chote bila kuruka neno. Sura ndefu na dua za kulala na kuamka zilikuwa kichwani mwake, zimejipanga kama vikombe kabatini. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuweza kumsikia mtu akikosea akanyamaza. Alimkatiza mjomba wake katikati ya dua. Alimtaka mwenye duka aliyeitikia salamu nusu nusu aiitikie yote. Babu yake alikuwa akisema, "Huyu, siku nikikohoa vibaya, ataniambia nikohoe upya."

Shangazi yake alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, akiwafundisha watu wazima waliosomea ualimu wa dini. Chuo kilitazamana na shule. Kila masomo yalipokwisha, Kaseti alivuka barabara, akaingia chumba cha shangazi, akafuta ubao, akapanga viti na kuokota vipande vya chaki. Kisha alikaa kiti cha nyuma kusubiri waende nyumbani.

Miongoni mwa wanachuo wale alikuwemo mama mmoja mnene, mcheshi, aliyejulikana kama Mama Mapacha kwa sababu ya wanawe wawili waliokuwa darasa la pili shuleni kwa Kaseti. Kwao hakuna aliyemfundisha kusoma Kiarabu. Alizianza herufi zile ukubwani, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, kitabu kimeegemezwa kwenye ndoo. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho. Lililobaki lilikuwa somo la majaribio: mwanachuo anasimama mbele ya wanafunzi wa kweli, walioazimwa kutoka shule ya jirani, na kuwafundisha huku wenzake wakitazama. Asiyelimaliza hawi mwalimu. Jasho lote linakwenda na maji.

Siku ya Mama Mapacha ilipofika, darasa lililoazimwa lilikuwa la akina Kaseti, naye akakaa mbele kabisa.

Mama Mapacha aliingia amevaa gauni lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Chaki alikuwa ameishika tangu mlangoni.

"Wanangu, leo tunazungumza habari ya huruma," alisema. "Mnasikia watu wakisema fulani ana moyo laini. Haya, nambieni, mtu atajuaje kama wa kwake ni laini? Msinijibu bado. Fikirini, na kwanza tuombe dua."

Akainua mikono, akaomba kwa Kiarabu Mungu authibitishe moyo wake. Sasa sikiliza vizuri. Kwa Kiarabu, "moyo wangu" ni *qalbi*, na herufi yake ya kwanza inatoka ndani kabisa, karibu na koo. Ukiitoa nyepesi, hapa mbele, inakuwa *kalbi*. Na *kalbi* ni "mbwa wangu".

Mama Mapacha akasema *kalbi*.

Kaseti hakungoja hata aseme amina. Aliruka kitini. "Mwalimu! Umemwomba Mungu amthibitishe mbwa wako!"

Darasa zima lililipuka kwa kicheko. Mvulana mmoja wa nyuma akabweka, "Wou! Wou!" na wengine wakampokea. Mama Mapacha alijaribu kucheka nao, lakini kicheko hakikufika popote. Aliiweka chaki mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akatoka.

Mwanachuo mmoja kijana, ambaye wenzake walimwita Bwana Msimamo, alimwendea Kaseti akampongeza. "Safi kabisa, binti. Dini haina mzaha. Asiyejua kutamka akae kwake."

Kaseti akavimba kwa sifa. Kisha akageuka kumtafuta shangazi yake, na ule uvimbe ukaanza kutoka pole pole. Shangazi alikuwa ameinama akiitazama ile chaki.

Njiani hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Mwishowe Kaseti akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, kwani hakukosea?"

"Alikosea."

"Basi mimi nilisema kweli."

"Ulisema kweli," alisema shangazi. "Ila hukumpa mkononi. Ulimrushia usoni."



Kesho yake kiti cha Mama Mapacha kilikuwa kitupu. Keshokutwa pia. Kaseti akajiambia labda anaumwa, akaendelea kufuta ubao. Lakini shuleni mambo yalikuwa yamechacha. Wakati wa mapumziko aliwakuta watoto wamewazunguka mapacha karibu na bomba la maji. "Wou! Wou! Watoto wa Mama Mbwa!" Pacha mmoja alikuwa akilia. Mwingine alimwona Kaseti, akamkimbilia, akamshika sketi.

"Dada, wewe unajua kila kitu. Eti mama yetu amefanya nini?"

Kaseti aliinama, akamfuta vumbi magotini.

"Siku hizi hasomi," mtoto aliendelea. "Vitabu amevipandisha juu ya kabati. Jana alikuwa anaomba dua, nikaingia, akaziba mdomo."

Masikio ya Kaseti yaliwaka moto. Aliwafukuza wale watoto, wakatawanyika wakimcheka. "Si wewe uliyeanza?" mmoja alimpigia kelele. Hapo ndipo aibu ilipomshika barabara. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kaseti yake yote.

Alasiri alikwenda chuoni, lakini hakugusa kifutio. Alisimama mlangoni. Bwana Msimamo alikuwa ndani akibishana na shangazi.

"Mhadhiri, tusilegeze. Mtu anayemwita Mungu kwa neno la mbwa anafundisha nini watoto?"

"Herufi atafundishwa, na lazima afundishwe," alijibu shangazi. "Hilo sikupingi. Lakini nikuulize, ndugu yangu. Sisi kila jambo tunalianza kwa jina la nani?"

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu."

"Rehema mara mbili, hata hatujaanza kula wala kusoma. Na tumefundishwa kwamba anayesoma kwa ufasaha ana daraja lake, na anayesoma kwa kukwama na taabu ana thawabu mbili. Yule mama ana mbili, na sisi tumemtoa mbio. Ukishakuwa mwalimu, mtoto akikosea mbele yako, usimfanye aikimbie dini kwa kuogopa sura yako."

Bwana Msimamo alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akaaga, akatoka.

Kaseti akaingia. Machozi yalikuwa yameshamtangulia. "Shangazi, ni mimi niliyemtoa mbio."

"Najua, mama."

"Watoto wake wanabwekewa."

Shangazi alivuta kiti, akamkalisha. "Kumsahihisha mtu ni wema. Na wema huu una adabu zake: unamfuata pembeni, unashusha sauti, unamwachia heshima yake. Kumcheka mbele ya watu si kumfundisha. Unataka aonekane mdogo ili wewe uonekane mkubwa. Nenda kamwombe radhi kwake. Halafu utamwomba tena darasani, mbele ya wote, maana ulimvunjia heshima mbele ya wote."

"Mbele ya wote?" Kaseti aliuliza, akaushika ukingo wa kiti.

"Mbele ya wote."

Mama Mapacha alikuwa akifua sare za wanawe nyuma ya nyumba. Kaseti alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaamkia, akaanza. "Mama, nimekuja... mimi... siku ile..." Maneno yote yalikuwa yamekimbia.

Mama Mapacha alimtazama, povu limemjaa mikononi. "He! Kaseti, leo mkanda umekwama?"

"Umekwama, mama," Kaseti akasema, akaangua kilio. "Nisamehe."

Yule mama alijifuta mikono kwenye kanga, akamvuta ubavuni mwake. Hakusema kwamba si kitu. "Uliniumiza sana," alisema. "Nilijisikia kama niliyevuliwa nguo. Nimekusamehe, lakini nami nataka changu. Nifundishe hiyo herufi."

Basi wakakaa kando ya beseni. Kaseti alimwambia avute ulimi nyuma kabisa, kama mtu aliyekwamwa na punje ya mahindi kooni. Mama Mapacha akajaribu, akakohoa, akajaribu tena. Pacha mmoja alichungulia mlangoni akauliza kwa hofu, "Mama, umekabwa?" Wakacheka wote, na kicheko kile hakikumwumiza mtu.

Juma lililofuata wanafunzi waliazimwa tena. Kaseti alisimama mbele yao. Safari hii hakupanga maneno. "Nilimcheka mwalimu wetu, nikawafundisha na ninyi kumcheka. Nilifanya vibaya. Naomba anisamehe, na wanawe mapacha wanisamehe. Atakayebweka tena, anabweka kwa kosa langu." Yule mvulana wa nyuma aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa dawati.

Mama Mapacha aliinua mikono. Alipolikaribia lile neno alisita, na darasa zima likasita naye. Kisha akalitoa, pole pole, kutoka kooni. Halikunyooka sana, lakini lilikuwa moyo, halikuwa mbwa. "Amina," alisema Bwana Msimamo kwa sauti, kabla ya wote.

Naye Mama Mapacha akachukua chaki.

"Siku ile niliuliza swali, na sikulipata jibu lake. Mtu atajuaje kama ana moyo laini?"

Walitazamana. Mmoja akasema ni mtu anayelia haraka, mwingine akasema ni asiyepigana. Mama Mapacha alitabasamu akatikisa kichwa, akangoja.

Kaseti alinyoosha kidole, si juu kama zamani, bali usawa wa sikio.

"Unauma, Mwalimu," alisema taratibu. "Ukimwumiza mwenzako, na wa kwako unauma."