Mkalimani Husema "Mimi"

— Neno moja tu, mpenzi. Neno moja, na mwezi ujao wewe ni mke wangu.

Nyapara alikuwa amemshika mkono kwenye korido ya hospitali, nje ya wodi ya mifupa. Aliongea kwa sauti ya chini kama muuza magendo. Kamusi alijifanya hajasikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri sana.

— Neno gani?

— Mgonjwa akisema aliniambia jukwaa la kupandia linacheza, hapo ruka. Sema alipanda tu. Nani atajua? Humo ndani lugha yake unaijua wewe peke yako.

— Na mwenzake aliyekufa?

— Aliyekufa kashakufa. Mimi niko hai. Unataka nikaozee jela?

Jina la Kamusi alipewa na dada yake, tena kwa kejeli. Wenzake chuoni walisoma lugha za watu wenye hela. Yeye aling'ang'ania lugha ya vibarua wanaotoka mbali kuja kujenga maghorofa. "Utakula irabu?" dada alimuuliza. Na kweli nusura azile. Miaka yote hiyo alitafsiri vyeti vya kuzaliwa kwenye kona ya duka la fotokopi, wengine wakimlipa soda na asante. Mpaka Nyapara, mchumba wake, msimamizi wa jengo ambako mafundi wawili walianguka, alipomletea habari njema: uchunguzi wa ajali umekwama kwa kukosa mkalimani, na jina lake amelipeleka yeye mwenyewe. Akifanya vizuri, ataingizwa kwenye orodha ya wakalimani wa kuapishwa. Siku hiyo Kamusi alimrukia shingoni akalia kwa furaha.

Sasa, mbele ya mlango wa wodi, akaelewa zawadi ile ilikuwa ya nini.

— Kumbe ndiyo maana ulinitafutia kazi hii?

— Nilikutafutia kwa sababu nakupenda. Twende, wanatusubiri.

Ndani, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amelala chali. Kutoka kiunoni kwenda chini hakuwa na habari na mwili wake. Mwenyekiti wa uchunguzi, mama wa makamo asiye na mzaha, aliweka kinasa sauti kando ya mto na kukiwasha. Nyapara alikaa upande wa pili, kwa niaba ya kampuni.

— Kabla hujala kiapo, binti, mama alisema. Kuna mtu yeyote humu una uhusiano naye? Ndugu, rafiki, mchumba?

Akisema yupo, anatolewa nje, na orodha anaiaga. Na kwani kuna ubaya gani, alijiambia, ikiwa atafasiri kila kitu sawasawa?

— Hapana, mama.

Nyapara akashusha pumzi. Alijua amempata.

Kazi ya ukalimani ina sharti moja ambalo wageni hulishangaa. Mkalimani hasemi "mgonjwa anasema aliona." Husema "niliona." Anaazima mdomo wake wote. Mchomeaji aliongea taratibu, akikata kila baada ya maneno machache, na Kamusi akafuata.

— Mimi nilimwambia msimamizi jukwaa linacheza. Nilimwambia tena. Akaniambia, panda au rudi kwenu.

Simu ikatetemeka mapajani mwake. Ujumbe wa Nyapara: "Nakupenda. Usituue."

Akaigeuza kifudifudi, akaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

— Nilipanda kwa sababu nina watoto. Jukwaa likalala upande. Mwenzangu alikuwa chini yangu. Nilimwangukia mimi. Nilimsikia akivunjika.

Hapo sauti ikamkatika, maana aliyekuwa akisema "nilimwangukia" ni yeye, na mwili wake wote ulikuwa umeamini.

Nyapara akaruka kutoka kwenye kiti.

— Napinga! Huyu ni mchumba wangu, mheshimiwa! Tumegombana jana, ananikomoa! Maneno yake hayafai kitu!

Mama akavua miwani.

— Ni kweli, binti?

— Uchumba ni kweli, mama. Ugomvi ni uongo.

— Nimekuuliza, ukaniambia hakuna.

— Niliogopa kupoteza kazi.

— Basi umeipoteza.

Kitandani, mchomeaji aliuliza kitu kwa wasiwasi.

— Mfasirie, mama aliamuru. Ana haki ya kujua kilichosemwa. Halafu utoke.

Kamusi akamgeukia. Akamweleza kwa lugha yake maneno ya Nyapara, kama kazi inavyotaka, akianza na "mimi": mimi ni mchumba wa mkalimani huyu. Mchomeaji alimtazama usoni muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani.

Nje koridoni, Nyapara alikuwa anatabasamu huku jasho likimtiririka.

— Umeona? Nimetuokoa wote. Bila maneno yako hawana kitu. Harusi iko palepale.

— Harusi ya nani?

— Acha hasira, Kamusi. Nilichanganyikiwa tu.

— Ulinitaka niseme uongo, nimekataa. Ukaamua kunimaliza mbele yao.

— Lakini nakupenda, wallahi!

— Najua. Na bado ulinileta hapa.

Ubaya ni kwamba na yeye bado alimpenda. Alipoivua pete ya uchumba ilimgomea kidoleni, ikabidi aivute kwa nguvu. Akamtumbukizia kwenye mfuko wa shati, akaondoka bila kugeuka.

Nyapara alikuwa amesahau kinasa sauti. Wiki ile haikuisha, mwenyekiti akapiga simu.

— Mkalimani mwingine, tuliyempata mbali kwa simu, ameisikiliza sauti ya mgonjwa mwenyewe. Hukuongeza, hukupunguza. Mchumba wako amekamatwa asubuhi.

— Na mimi, mama?

— Ulidanganya kabla ya kiapo. Jina lako halitaingia kwenye orodha, sasa wala baadaye. Pole, binti. Ulikuwa na kipaji.

Simu ilipokatika, ujumbe wa dada ukaingia: "Mdogo wangu, mashangazi wanauliza ukumbi wa harusi waufute?"

Akajibu: "Waufute."

Kisha akaenda hospitali. Mchomeaji alikuwa anarudishwa kwao siku hiyo, amelazwa kwenye machela, na jambo moja lilikuwa linamnyima Kamusi usingizi: "Hajui kwamba nilimsemea kweli." Kamusi alipofungua mdomo kuongea lugha yake, mgonjwa akainua mkono kumzuia. Hakutaka kuisikia kutoka kwake. Nesi akampigia yule mkalimani mpya, akaiweka simu kwenye spika juu ya shuka.

— Mwambie, Kamusi alisema kwa Kiswahili, kwamba sikubadilisha hata neno lake moja. Na kwamba nimemwacha yule mtu.

Mkalimani mpya akafasiri. Ilikuwa ajabu kujisikia akisemwa na sauti ya mwanaume, "mimi sikubadilisha."

Mchomeaji akajibu akiutazama ukuta. Kamusi alielewa kila neno palepale, lakini ilimbidi angoje. Akakaa hapo, mikono mapajani, mpaka simu ikamletea kwa Kiswahili.

— Nimesikia. Siku ile mama alipokuuliza, nilikuwa nakuangalia. Ulimtazama yule mtu kabla ya kujibu, na mimi nilikuwa na wewe tu wa kunisemea. Sina hasira. Ila usikae hapa. Nenda, wewe una miguu.

Machozi yakamtoka Kamusi, ya kuyasikia maneno yale mara ya kwanza kwa lugha ya mgonjwa na ya kuyasikia mara ya pili kwa Kiswahili.

— Dada, upo? simu iliuliza. Kuna la kumjibu?

— Hakuna.