Aliyelala Upande wa Seremala

"Siku hizi unakoroma wewe, mpaka kuta zinasikia," mke wa seremala alimtania asubuhi, akimmiminia chai. "Ila angalau unalala. Nilikuwa na wasiwasi na wewe."

Seremala aliinamia kikombe. Hakuwa amelala hata lepe. Usiku kucha alikuwa sebuleni, kajinyoosha kwenye kochi ili mwanga wa simu usimsumbue mwenzake, akitazama video ya mwisho, kisha nyingine ya mwisho.

"Nilikuwa kitandani?" aliuliza.

"Ulikuwa wapi tena? Ulinikumbatia mpaka asubuhi."

Siku hiyo msumeno wa umeme ulimkosa kidole gumba chupuchupu, lakini hakuwaza kidole. Aliwaza mkewe alikumbatiwa na nani.

Usiku akakaa tena kochini, sauti ya simu kaizima, akitega sikio. Kitanda kile alikiunda mwenyewe, na kama mafundi wengi, kazi ya nyumbani kwake ndiyo aliyoilipua: chaga moja ya upande wake hulia kila anapogeuka. Sasa, simu ikimulika kidevu chake, aliisikia chaga ile ikilia taratibu, kama mtu mzito anajiweka sawa, kisha mkoromo ukaanza, mkoromo wake yeye kabisa, ukipanda na kushuka, na chini ya mlango ikapenya harufu ya vumbi la mbao anayorudi nayo kila siku kutoka karakana, ila nyuma yake kulikuwa na uvundo wa kitu kilichofungiwa muda mrefu, naye hakuthubutu kusimama, akabaki pale na simu mkononi mpaka kulipokucha.

Akamkimbilia shangazi yake, mganga, akamweleza yote.

"Jini hilo halijaiba," shangazi alinong'ona. "Limekuta nafasi wazi. Usingizi unaoutupa wewe, linaulala lenyewe. Likishaushiba, halitakupisha tena."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Uwahi kitanda kabla yake. Na simu isilale chumbani."

Shangazi alikizunguka kitanda akikisomea maneno yake, seremala akaifungia simu kwenye kabati la sebuleni. Alilala fofofo. Macho yalirudi kuwa meupe, mikono ikatulia kazini. Mkewe alipolalamika tena kuhusu mkoromo, walicheka wote wawili, na moyo wake ukapoa.

Akajisahau. Usiku mmoja alitoka kunywa maji, akafungua kabati achungulie mara moja tu. Alichungulia akiwa amesimama, kisha amekaa, kisha amelala kochini, na alipoinua macho dirisha lilikuwa linapauka. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna mkoromo. Alishukuru, akaingia chumbani akinyata, akijimulikia kwa simu.

Mkewe alikurupuka kwenye mwanga ule. Mkono wake ulikuwa juu ya kifua cha mtu aliyejifunika shuka gubigubi.

"Mke wangu, ni mimi," seremala alinong'ona.

Mkewe alimtazama usoni muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu aliyeruka ukuta.

"Chukua unachotaka, kaka, uende zako," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba tu usimwamshe mume wangu."

Upande wa pili wa kitanda, chaga ikalia.