Nyoka wa Kitaluni na Chupa ya Soda

Mama Kibibi aliyapata maneno bombani, akarudi nayo nyumbani mengi kuliko maji. Eti kuna nyoka wa vichwa viwili. Kichwa kimoja kikilala, kingine kinalinda. Akikuuma, hufiki hata mlangoni.

"Nani kamwona?" mumewe aliuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

"Baba Kibibi, watu ni watu!"

Mume alicheka. Yeye hakuweza. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha miche. Kila wiki alichota msituni gunia la udongo mweusi wenye majani yaliyooza, akaumwaga chini, kisha akajaza vifuko vya miche. Na Kibibi, mwanawe wa miaka mitatu, alipenda kukaa kwenye lundo hilo akipika uji wa matope.

Asubuhi moja alichoma koleo kwenye lundo. Kitu kikajikunja. Nyoka mnene, wa kahawia, mkia butu kama kichwa! Kabla hajapiga kelele, nyoka alikwisha kuzama udongoni.

Siku hiyo hiyo alinunua mafuta ya taa. Akayatia kwenye chupa ya soda, akamimina katika kila tundu la lundo na kitaluni. Yaliyobaki akayaacha kando ya lundo, chupa wazi.

"Leo atanitambua," alisema, akaingia ndani kunawa.

Alipotoka, Kibibi alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili. Mdomo wa chupa ulikuwa mdomoni mwake.

Mama hakujua alifikaje pale. Aliipokonya chupa.

"Umekunywa? Niambie mama, umekunywa?"

"Soda inanuka," Kibibi alisema, akakunja pua.

Hakungoja kuuliza tena. Alimbeba mbio hadi zahanati, amejikunja kumzunguka, kichwa cha mtoto kifuani. Muuguzi alimpima mtoto, akawaweka pale akimwangalia kwa saa kadhaa.

"Hakumeza," alisema mwishowe. "Umefanya vizuri kutomtapisha. Mtoto akitapika mafuta ya taa, yanaweza kuingia mapafuni. Lakini mama, nani alitia mafuta kwenye chupa ya soda?"

Alitazama sakafu. "Mimi."

Jirani yao alikuwa mlinzi wa msitu. Watu walimwita Mama Buti kwa sababu ya viatu vyake. Alipopata habari alikuja na koleo refu na ndoo yenye mfuniko, akapekua lundo polepole. Nyoka akatokea. Alijiviringa kama mpira, akainua ncha moja.

"Kichwa cha pili hicho!" Mama Kibibi alipiga kelele.

"Huo mkia, mwenzangu. Akiogopa anaficha kichwa katikati, anainua mkia. Adui akitaka kuuma, aume huko. Unaona makovu? Huyu hana sumu. Anaishi chini ya majani na udongo, anaingia kwenye mashimo kula vitoto vya panya. Mama panya akimng'ata, anang'ata mkia."

"Na kwangu alifuata nini?"

"Hakufuata kitu. Umembeba mwenyewe kwenye gunia!"

Mama Kibibi alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. Alimtazama nyoka aliyejikunja. Hivyo ndivyo alivyojikunja kumzunguka Kibibi njiani.

"Kumbe naye anaogopa. Basi nimshike?"

"Thubutu! Hata mimi natumia koleo. Yuko mwingine wa udongoni, mweusi, mwembamba, na huyo ana sumu. Usijaribu kuwatofautisha kwa vidole."

Mama Buti alimrudisha nyoka msituni. Miche iliyopata mafuta ilikauka yote. Mama Kibibi akapanda mingine. Siku hizi humwaga udongo juu ya turubai na kuupekua kwa koleo kabla ya kuugusa. Kibibi ana beseni lake la mchanga mlangoni, na uji wake wa mchanga unamtosha kila mgeni.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Usitie mafuta ya taa wala dawa kwenye chupa ya kinywaji.

Usimwage mafuta ya taa mashimoni. Yanaua miche na kuharibu udongo.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Kimbia hospitali.

Usimguse nyoka yeyote kwa mkono, hata ukiambiwa hana sumu, hata akionekana amekufa. Mwite anayejua.

Usichote udongo wa msitu kwa mikono mitupu, wala usimwache mtoto acheze kwenye lundo lake.

Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje, usimnyonye jeraha, usimfunge kamba. Mpeleke hospitali upesi.

Na ukisikia maneno ya bombani, usikimbilie chupa ya mafuta. Kwanza tazama mwanao yuko wapi.