Muuza Nyama Asiyekula Nyama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilipitia buchani kwa baba. Kazi yangu ilikuwa kupangusa mizani, kuosha sakafu na kutoa nje ndoo ya mifupa. Baba alitundika nyama kwenye kulabu, mama akanoa visu nyuma ya pazia la plastiki. Kisha sote watatu tulikaa nyuma ya jokofu, tukanywa chai na ini la kukaanga. Kwetu ini lilikuwa kama mkate kwa watu wengine. Jioni tulikula nyama tena, maana vipande vilivyobaki juu ya gogo havikuwa na pa kwenda isipokuwa chunguni mwetu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mama husema hata nikipewa zawadi nitaigeuza juu chini nione imepasukia wapi. Ndiyo maana siku baba aliposukuma sahani yake na kusema ameshiba, mimi niliitazama ile sahani. Haikuwa imeguswa. Kesho yake akasema jino linamsumbua. Mchana nikamkuta akila mahindi ya kuchoma. Jino lililoshindwa na ini laini lilikuwa linabambua mahindi bila taabu.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa sayansi alitangaza mdahalo wa darasa la sita. Mada ilikuwa: "Kula nyama kila siku ni afya." Nilichaguliwa kuongoza upande wa kutetea, maana mtoto wa muuza nyama angetetea nini kingine. Upande wa kupinga uliongozwa na rafiki yangu wa dawati moja, Kasuku. Tulimwita hivyo kwa sababu alichokisikia asubuhi, darasa zima lilikijua kabla ya mapumziko. Mwalimu alitaka ushahidi kutoka nyumbani, si maneno ya kitabuni tu. Nikaandika kwenye daftari: "Baba yangu hula nyama kila siku na hubeba paja zima la ng'ombe begani." Niliisoma tena sentensi hiyo nikaona nusu yake si kweli.

Hapo nikaanza kumchunguza. Viatu vyake vya mpira, ambavyo hakuwahi kuvivua akiwa kazini, vilikuwa vimewekwa pembeni, naye alikuwa akifanya kazi kwa makubazi. Jumatano niliporudi kutoka shuleni nilikuta bucha imefungwa mchana kweupe. Baada ya muda alirudi na mfuko mdogo wa karatasi, akausokomeza nyuma ya jokofu haraka. Nilimuuliza mama baba alikuwa wapi, akaniambia hayo ni mambo ya watu wazima. Jibu la namna hiyo kwangu ni kumwagia moto mafuta.

Nikawaza hivi: mtu anayeuza kitu asichotaka kukila anajua jambo ambalo wanunuzi wake hawalijui. Nikaikagua nyama. Nilitafuta muhuri wa mkaguzi kwenye kila paja, nikauona. Nikainusa, ikanuka nyama. Mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikajiambia kwamba muhuri unaweza kugongwa na yeyote mwenye wino.

Alhamisi wakati wa mapumziko nilimwambia Kasuku. Nilimwapisha kwanza, kisha nikamnong'oneza kwamba baba hagusi tena nyama ya bucha yake, na kwamba nadhani ina kitu. Kasuku aliacha kutafuna. Mama yake alikuwa na mgahawa karibu na kituo cha mabasi, na ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa baba. Ulimi hauna mfupa, na ule wa Kasuku haukuwa hata na gegedu.

Ijumaa mama yake Kasuku hakuja kununua. Jumamosi, siku ambayo foleni yetu hufika barabarani, walikuja watu wanne. Mmoja alikinusa kipande akakirudisha. Bibi mmoja, aliyekuwa akinunua kwetu tangu sijazaliwa, alimuuliza baba nyama hii ni ya lini. Baba akamjibu kwa upole kwamba ni ya alfajiri ile. Bibi akasema atapita kesho, na hakupita. Jioni paja zima lilikuwa bado limening'inia kwenye kulabu, na baba alisimama mikono kifuani akiitazama njia. Sikuwahi kumwona amesimama hivyo bila kazi. Roho iliniuma, ila bado nilikuwa nashuku. Nilijiuliza kama watu wamegundua kitu, au kama ni mimi niliyewatia maneno.

Hali iliendelea hivyo hadi Alhamisi iliyofuata. Nilikuwa nafagia bucha baada ya shule, mama yake Kasuku akaingia bila kikapu.

"Kaka, tumefanya biashara miaka tisa," alimwambia baba. "Nisizunguke. Nimesikia wewe mwenyewe nyama hii huili. Kuna nini?"

"Umesikia kwa nani?"

Aligeuka tu akanitazama. Baba naye akanitazama, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze na ufagio wangu.

Baba alikaa kwenye kigoda, akavua kubazi la mguu wa kushoto na kufungua kitambaa alichoufungia. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya.

"Hiki ndicho kilichopo," alisema. "Ni ugonjwa wa jongo. Daktari amesema damu yangu ina asidi nyingi, imejikusanya kwenye viungo. Miaka ishirini nimekula nyama asubuhi na jioni, na ini ndiyo usiseme. Ameniandikia dawa, na ameniambia niache nyama kwanza, ninywe maji, nile mboga. Nyama yangu ni safi, dada. Mimi ndiye niliyepitiliza."

Mama yake Kasuku akamuuliza kwa nini alificha. Baba akasema hakuna atakayenunua nyama kwa mtu aliyeambiwa na daktari asiile. Mama akatoka nyuma ya pazia, kisu mkononi, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba amemwimbia wimbo huo tangu siku ya kwanza. Mgeni wetu akaaga akisema atarudi. Wiki ile nilikuwa nimeshajifunza maana ya neno hilo.

Tulipobaki wenyewe, baba aliniita.

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilidhani utanidanganya."

Alikifunga tena kidole kitambaa. "Ungeniuliza, huenda ningekudanganya. Hilo ni kosa langu. La kunitangaza kwa watu ni lako."

Nililia, nikamwomba radhi. Alinisamehe pale pale, lakini akasema msamaha wake hautamrudisha mnunuzi hata mmoja. Maneno yalipitia shuleni kwenda majumbani, kwa hiyo niyarudishe kwa njia hiyo hiyo. Nikamkumbusha kwamba kesho ni mdahalo na kazi yangu ni kutetea nyama. Nikiutaja mguu wake nitashindwa, na watu wote watajua.

"Waache wajue," alisema. "Wakiujua ugonjwa wangu, wataacha kuibunia ugonjwa nyama yangu."

Siku ya mdahalo nilizungumza kwanza. Nilieleza kwamba nyama hujenga mwili na ina madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu. Kasuku akafuata, akisema nyama haina nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na kwamba mafuta yake yakizidi huuchosha moyo. Muda wa maswali ulipofika, sauti ikatoka nyuma ya darasa: "Mbona baba yako hali nyama ya bucha yake?" Wengi wakacheka.

Ningeweza kusema ana jino bovu. Jibu hilo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na upande wangu ungeponea hapo. Nikasimama.

"Baba anaumwa jongo," nilisema. "Kwetu tulikula nyama kila siku, asubuhi na jioni, bila kipimo, na mwili wake umekataa. Nyama yake ni safi, ina muhuri wa mkaguzi. Niliyesema ina kitu ni mimi, na sikuwa na ushahidi wowote. Tafadhali waambieni wazazi wenu. Nyama naweza kuitetea. Kila siku, siwezi."

Hakuna aliyecheka. Kasuku akainuka akitazama viatu vyake. Alikiri kwamba maneno yangu aliyasambaza yeye. Tena akasema mdogo wake alipopungukiwa damu, daktari alishauri apewe nyama kidogo pamoja na mboga za majani, lakini hoja hiyo aliificha kwa sababu ilimharibia upande wake. Mwalimu alitutazama sote wawili. Alisema upande wa kupinga umeshinda, na kwamba sahani yenye afya ina vyakula vya aina mbalimbali, kila kimoja kwa kiasi chake. Aliyeambiwa na daktari apunguze, alisema, apunguze bila kuona haya.

Jumamosi foleni haikufika barabarani, lakini ilifika mlangoni. Mama yake Kasuku alikuja na kikapu chake, akachukua pungufu ya alivyozoea, akisema siku mbili za wiki mgahawa wake utapika maharage na samaki. Nilidhani baba atanuna. Alimkatia nyama yake, akaiondolea mafuta mengi, akamwambia amefanya vizuri.

Alipoondoka, nilimuuliza baba kama niache kabisa tabia yangu ya kushuku.

"Usiiache, ila ujue kuitumia," alisema akiosha mikono. "Shaka ni kama nyama mbichi, mwanangu. Si vibaya kuwa nayo, lakini haigawiwi watu ikiwa mbichi. Ipike kwanza kwa kumuuliza mwenye jambo. Na mimi nimejifunza langu. Ukificha ukweli, watu watajaza uongo mahali pake, tena hawatakuomba ruhusa."

Nilitazama foleni. Yule bibi hakuwemo, na yeye hana mtoto wa kumpelekea habari kutoka shuleni. Nikavua aproni, nikaenda kwake kwa miguu yangu. Nilimwamkia, nikamweleza yote bila kujipunguzia kosa, tangu muhuri nilioushuku hadi mguu wa baba. Alinisikiliza mlangoni hadi mwisho, kisha akaingia ndani kuchukua kikapu.